Elisha Aliiendea Chemchemi

Mahubiri kwa watu wa Arusha na Meru, juu ya taka za hospitali na ardhi inayotulisha

Somo: Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 2, mstari wa 19 hadi wa 22



Wazee wa Yeriko walimwendea nabii Elisha wakiwa na shida moja. Walimweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, na yeye mwenyewe alikuwa akiuona. Lakini maji yake yalikuwa mabaya, na nchi ilikuwa haizai. Hawakuficha. Hawakusema kwamba wageni watawakimbia wakisikia, wala kwamba jambo hilo lisubiri kikao. Walisema mbele ya mtumishi wa Mungu kwamba pazuri pao pana ubaya ndani yake. Elisha akaagiza aletewe chombo kipya, na ndani yake chumvi. Akainuka, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, na huko ndiko alikoitupa chumvi ile. Maji yakapona, na nchi ikapona.

Shikeni neno hili moja, maana yote nitakayosema leo yamesimama juu yake: Elisha aliiendea chemchemi. Hakupita nyumba kwa nyumba akitibu mitungi. Hakuwaambia akina mama wachemshe zaidi, wala hakuwaambia wakulima wahame. Alikwenda pale ubaya ulipoanzia.

Sisi nasi tunakaa mahali pazuri. Mlima Meru umesimama juu yetu, mita 4,566 kutoka usawa wa bahari, na mlima huo ndio uliotupa udongo mweusi wa volkano ambao watu wa mikoa mingine wanautamani. Nenda Tengeru siku ya soko uone ndizi, karoti, maharage na maparachichi. Nenda Ngarenanyuki uone nyanya zinavyopakiwa kwenye matenga. Shuka kandokando ya mto Themi uone matuta ya mchicha, mnafu na sukuma wiki yakishuka hadi majini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha peke yake, achilia mbali Halmashauri ya Meru na Arusha Vijijini. Watu wote hao huamka asubuhi wakitegemea ardhi hii iwape chakula. Loshoro tunayokula, maziwa tunayokunywa, na uji wa mtoto anayeachishwa ziwa, vyote vimetoka katika udongo huu.

Na katika mahali hapa pazuri kuna ubaya tunaouingiza ardhini kwa mikono yetu wenyewe. Nautaja waziwazi kama wazee wa Yeriko walivyoutaja wao. Sindano zilizokwisha kuchoma watu, pamba zenye damu, mabomba ya dripu, chupa za dawa zilizopitwa na wakati, vipimajoto vilivyovunjika, na jivu la vitu hivyo vilivyochomwa nusunusu, vinatoka katika nyumba za kuponya na kuachwa katika mashimo yasiyo na ukuta, katika makorongo na katika malundo ya taka za kawaida. Kutoka huko vinaingia katika udongo, na udongo unatulisha.

Niliwahi kusimama nyuma ya kituo kimoja cha tiba kwenye mitelemko ya Meru. Sitakitaja jina, kwa sababu ujumbe huu ni wa wote. Palikuwa na shimo la kimo cha mtu. Kuta zake zilikuwa za udongo mtupu, na ukingo wa upande wa chini ulikuwa umebomolewa na mvua za masika. Ndani mlikuwa na jivu jeusi na la kijivu, na juu ya jivu chupa za dripu zilizoyeyuka na kugandana. Plastiki ya mabomba ya sindano ilikuwa imeungua, lakini vyuma vyake vilikuwa vimebaki, vingine ncha juu. Palikuwa na kichupa cha dawa ambacho kizibo chake hakijaguswa na moto, na glavu moja iliyojikunja. Pale ukingo ulipobomoka, mchirizi wa jivu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba ya jirani, na kuku walikuwa wakiparua humo. Mama mwenye migomba aliniambia kwamba wanawe amewakataza kwenda peku upande ule. Mama yule hakusoma kanuni yoyote ya taka. Macho yake yalikuwa yamemwambia yote.

Wapendwa, hebu tufahamu ni nini hasa kinachoshuka kwenye mchirizi ule.

Kwanza kuna magonjwa yaliyobaki kwenye ncha. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu asiye na kinga akichomwa mara moja na sindano iliyomchoma mwenye homa hiyo, hatari ya kuambukizwa hufika asilimia 30. Ikiwa ni homa ya ini aina ya C, ni asilimia 1.8, na ikiwa ni virusi vya UKIMWI, ni asilimia 0.3. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2010 pekee sindano zisizo salama zilisababisha maambukizi mapya milioni 1.7 ya homa ya ini B na maambukizi 33,800 ya UKIMWI duniani. Tena ncha yenye kutu iliyolala kwenye udongo wenye samadi ni mlango wa pepopunda. Anayekanyaga ncha hiyo ni mtoto anayefuata mpira, au mama anayepalilia, au kijana anayeokota makopo dampo ili apate mlo wa jioni.

Pili kuna metali. Zebaki ya kipimajoto cha zamani haiozi wala haiungui ikaisha. Moto huigeuza mvuke, nao mvuke hushuka tena mahali pengine. Ikifika matopeni huingia katika samaki. Mataifa yaliliona hilo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukauweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto vya zebaki na kuviingiza nchini. Lakini vya zamani bado vimo katika makabati ya vituo vingi, na siku kimoja kinapoanguka, swali ni lile lile: kile kilichomwagika kinafagiliwa kwenda wapi? Pamoja na zebaki, jivu la taka za hospitali huweza kubeba madini ya risasi na kadimiamu. Mmea huchukua kutoka kwenye udongo kile kilichomo, na majani ya mchicha hayana namna ya kukataa.

Tatu kuna dawa zenyewe. Viuavijasumu vinavyomwagwa ardhini havimponyi mtu. Vinawafundisha vijidudu kustahimili. Kisha mwanao anaugua kichomi, daktari anaandika dawa ile ile, na dawa inashindwa. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu. Tukizimwaga dawa zetu ovyo, tunazinyima nguvu zake siku tutakapozihitaji.

Sasa angalieni ardhi yetu ilivyo. Udongo wa volkano ni tifutifu. Unapokea mvua upesi na kuipitisha chini upesi, na ndiyo sababu Mungu alitujalia chemchemi nyingi miguuni pa mlima. Lakini udongo unaopitisha baraka upesi hupitisha na sumu upesi. Na maji yasiyozama hukimbilia makorongoni. Naura, Kijenge, Burka na Themi zinakatiza katikati ya mji na mashamba. Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko mto Pangani unasafiri mpaka Bahari ya Hindi. Kilichotupwa korongoni Arusha hakikutupwa Arusha tu. Kimetumwa kwa mkulima wa Kikuletwa, kwa mvuvi wa Nyumba ya Mungu na kwa ndugu zetu wa Pangani ambao hatujawahi hata kuwapa mkono. Amri ya kumpenda jirani inafuata maji yanakokwenda.

Tena sisi wa Meru tuna sababu ya kuogopa kuliko wengine, kwa maana tumekwisha kuonja maana ya kunywa madhara. Volkano iliyotupa udongo ilitupa na madini ya floraidi katika maji ya maeneo mengi. Nani kwetu hajaona meno ya kahawia? Nani wa Ngarenanyuki au Maji ya Chai hajaona mtoto mwenye miguu iliyopinda? Wanasayansi wa Ngurdoto na wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wamehangaika miaka mingi kutafuta namna ya kuyatoa madini hayo. Mzigo huo hatukuuchagua, tuliukuta mlimani. Je, ni haki watu waliokwisha kubebeshwa mzigo na volkano wajitwishe na mwingine kwa mikono yao?

Wako watakaosema ardhi ni jambo la serikali, si la madhabahu. Nawajibu kwa historia ya wazee wenu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wa Ngarenanyuki, takriban watu 3,000, ili walowezi wapate mashamba ya mifugo. Nyumba zilichomwa moto. Wazee hawakunyamaza. Walichangishana shilingi kwa shilingi, na mwaka 1952 wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi ya Meru. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini dunia ilisikia kwamba kuna watu chini ya mlima huu ambao udongo wao ni uhai wao. Wajukuu wa watu waliovuka bahari kwa ajili ya udongo watashindwaje kuvuka barabara kwenda kuuliza jivu la zahanati linamwagwa wapi?

Na kama mtu anataka neno kutoka kwenye Torati, lipo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kila askari wa Israeli aliagizwa awe na chombo cha kuchimbia, ili ajisaidiapo nje ya kambi afukie. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14, vazi lenye pigo lilichunguzwa na kuhani, na likithibitika lilichomwa kabisa. Mawe ya nyumba yenye ukoma yalitolewa na kupelekwa nje ya mji, mahali palipojulikana kuwa najisi. Oneni mpangilio huo: kuna anayechunguza, kuna kinachotengwa, kuna kinachoteketezwa, na kuna mahali pamoja panapojulikana na kila mtu. Hakuna palipoandikwa kwamba kila mmoja atupe apendapo. Na ndugu zangu Waislamu mnajua kuliko mimi kwamba Mtume wenu aliwaonya watu wasichafue penye maji, njiani na kivulini, pale watu wanapopumzika. Katika jambo hili hatuna cha kubishania. Dini zote za mji huu zinashuhudia kwa sauti moja.

Sasa nizungumze na udhuru tunaojitetea nao, maana dhambi hii haiishi kwa kukosa maarifa tu. Inaishi kwa sababu tumeijengea kibanda cha sababu.

Udhuru wa kwanza unasema: sisi hatutupi, tunachoma. Mnachoma kwa moto gani? Kichomea taka cha kuaminika kinatakiwa kifike nyuzi joto 850 na kuendelea, na taka zenye klorini nyingi zinahitaji 1,100. Shimo lenye mafuta ya taa na maboksi halifiki huko kamwe. Plastiki za PVC zilizo kwenye mirija na mifuko ya hospitali, zikiungua kwa moto hafifu, huzaa dioksini, sumu inayohusishwa na saratani. Ikiingia mwilini, hupita miaka 7 hadi 11 ndipo nusu yake iwe imetoka. Sumu hiyo hushuka na moshi na jivu, hulala juu ya udongo, na kuku anayeparua huila. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 kuhusu mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula karibu na dampo la Dandora, Nairobi, ulikuta dioksini iliyozidi mara kadhaa kikomo cha Umoja wa Ulaya. Msidhani moshi ukishapanda umekwenda. Umekwenda kutafuta sahani yako.

Udhuru wa pili unasema: sisi tunafukia. Udongo si kaburi la vitu hivi. Nenda Vikuge, mkoani Pwani. Mwaka 1986 ilifika pale shehena ya dawa za kuulia wadudu, msaada kutoka Ugiriki, nyingine zikiwa zimekwisha muda. Banda lilibomoka, dawa zikaingia ardhini, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti waliendelea kukuta DDT kwa wingi katika udongo ule. Nenda Dandora tena. Dampo lile limepokea taka za kila namna kwa miongo mingi, za hospitali zikiwemo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza matokeo ya kuwapima watoto 328 wanaoishi karibu nalo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati ule. Wahenga walitufundisha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayefukia sindano amezificha kwa msimu mmoja tu. Mvua itazitoa, au jembe.

Udhuru wa tatu, na huu ndio mkubwa, unasema: hatuna fedha. Hapa ndipo nawarudisha kwa Elisha, kwa maana alikwenda kwenye chanzo, na chanzo ni rahisi kutibika kuliko mto mzima. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika taka zote za huduma za afya, takriban asilimia 85 ni taka za kawaida: karatasi, maboksi, maganda, mabaki ya chakula. Zilizobaki, asilimia 15, ndizo zenye hatari. Fikirini kituo kinachotoa kilo 100. Kikitenga, kina kilo 15 za kuhangaika nazo. Kikichanganya, zote 100 zimekuwa za hatari, na bila shaka fedha hazitatosha. Kuchanganya ndiko kunakotufilisi. Umaskini wetu haukuanzia shimoni. Ulianzia kitandani pa mgonjwa, sekunde ile mkono ulipomaliza kuchoma sindano na kuiweka mahali pasipo pake.

Hapo ndipo chemchemi ilipo, wapendwa! Haipo dampo la Muriet wala mtoni. Ipo kwenye ule mkono, kwenye sekunde ile. Na Elisha aliagiza chombo kipya. Chombo cha chemchemi yetu kinajulikana na kila muuguzi aliyesomea kazi yake: sefti boksi gumu lisilotobolewa na ncha, likiwekwa karibu na mkono unaochoma, lisijazwe zaidi ya robo tatu, likishafungwa lisifunguliwe tena. Ndoo nyeusi au ya bluu ni ya taka za kawaida, ya njano ni ya taka zenye maambukizi, na nyekundu ni ya zile kali zaidi. Kondo la nyuma lina shimo lake lenye kuta na mfuniko. Jivu lina shimo lake lililosakafiwa, lisilopitisha maji. Haya si mambo ya Ulaya. Yamo katika miongozo ya Wizara yetu ya Afya, na wakaguzi wetu wanayajua kwa moyo.

Na moto si njia pekee. Ipo mashine ya mvuke wenye mgandamizo, ile ile kazi ya sterilaiza ya vyombo vya upasuaji, inayoua vijidudu bila kuchoma plastiki na bila kuzaa dioksini. Tanzania ilikuwa moja ya nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, zilizoshirikiana na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa kuijaribu njia hiyo hospitalini. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haiwezekani katika nchi yetu. Si kila zahanati itanunua mashine yake. Lakini vituo vinaweza kushirikiana, vikapeleka taka zilizokwisha kutengwa kwenye hospitali moja yenye mtambo unaofaa, kwa gari linalojulikana na daftari linalosainiwa pande zote mbili. Ndivyo tunavyoshirikiana kununua trekta na mashine ya kukobolea kahawa. Kipi kinatuzuia kushirikiana katika hili?

Sasa ninageuka kwa kila mmoja wenu, na sitamruka mtu.

Ninyi wachungaji, mapadri, mashehe na wazee wa makanisa: taasisi zetu za dini zinamiliki hospitali, vituo vya afya na zahanati katika mkoa huu. Tulizijenga kwa jina la Mungu, tukaandika jina hilo kwenye kibao cha barabarani. Basi hukumu na ianzie nyumbani mwa Mungu. Si halali kukusanya sadaka ya kupaka rangi wodi huku nyuma ya wodi kuna shimo linalovuja kwa jirani. Kabla ya sare mpya za kwaya, kabla ya spika mpya, jengeni shimo la jivu lenye sakafu. Hiyo nayo ni ibada.

Ninyi waganga, wauguzi na wahudumu: nawashukuru kwa machozi. Mnafanya kazi usiku wa manane mkiwa wawili kwenye wodi ya watu thelathini. Lakini nawaambia mbele za Mungu kwamba tiba haijakamilika mgonjwa anapoinuka kitandani. Imekamilika pale taka iliyotokana na tiba yake inapokuwa haina tena uwezo wa kumdhuru mtu. Kiapo cha kutodhuru kinamhusu na yule ambaye hamjawahi kuandika jina lake kwenye faili: mtoto wa jirani, mwokota makopo, mama mwenye migomba. Msimwachie mfagizi peke yake kazi ambayo ilitakiwa ifanyike mkononi mwenu.

Ninyi wenye vituo: yule kijana anayebeba ndoo za njano hadi kwenye kichomea, anayo buti? Anayo glavu nene? Amepewa chanjo ya homa ya ini B? Mnamlipa kidogo kuliko wote na kumweka karibu na hatari kuliko wote. Mungu anaona malipo hayo.

Ninyi wenye maduka ya dawa, na ninyi mnaojidunga insulini nyumbani: msitupe sindano kwenye kiroba cha taka wala chooni. Tieni kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, na ikijaa ipelekeni kituo cha afya. Na wenye vituo wapokeeni, msiwafukuze getini kwa kuwauliza kadi.

Ninyi madiwani, maafisa afya, watendaji wa mitaa na vijiji, na wakaguzi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Kanda ya Kaskazini: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo inampa mwananchi njia ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, na inasimamisha kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Dampo la Muriet lilijengwa kwa ajili ya taka za mji, lisigeuzwe kuwa mahali pa kufichia sindano. Kagueni bila kutoa taarifa. Pimeni udongo chini ya mashimo, siyo kuangalia rangi ya ndoo peke yake. Mtu akikupa bahasha ili usione shimo lake, kumbuka kwamba nyanya za soko la Jumamosi zitakuja nyumbani kwako pia.

Ninyi wazee wa mila, washili wa Meru na malaigwanani wa Waarusha: neno lenu linasikika pale ambapo barua ya halmashauri haisomwi. Mlilinda misitu mitakatifu na vyanzo vya maji kwa miiko kabla hakujakuwa na wizara. Litieni jambo hili mwiko. Atakayemwaga taka za tiba korongoni aitwe mbele ya ukoo kama aliyemwaga sumu kisimani.

Na ninyi wakulima na akina mama wa sokoni: msiogope kuuliza. Mnapoona moshi mweusi nyuma ya kituo, mnapookota sindano shambani, msiishike kwa mkono mtupu na msiifukie kwa aibu. Wekeni alama mahali pale, mwiteni bwana afya, mwiteni mtendaji, na mashahidi wawepo. Anayenyamaza ili asionekane mkorofi anawauza watoto wake kwa bei ya heshima.

Wapendwa, toba ya jambo hili haitimii kwa kulia. Inatimia kwa kazi. Kwa hiyo naagiza, kadiri niwezavyo kuagiza kwa jina la Bwana: wiki hii, kabla ya Jumapili ijayo, kila usharika, kila parokia na kila msikiti uchague watu watatu. Watu hao waende kwa heshima kwenye kituo cha tiba kilicho karibu, wakianzia kile kinachomilikiwa na dini yao wenyewe, wakaulize maswali matatu. Taka za hatari zinatengwa wapi, na nani anaanza kuzitenga? Zinateketezwa kwa njia gani, na kwa joto gani? Jivu na mabaki yanalala wapi, na je, sakafu ya mahali hapo inazuia maji?

Wakijibiwa vizuri, wamshukuru Mungu na kuwapongeza wahudumu mbele ya watu, maana wapo wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu na hakuna anayewaimbia. Wakikuta upungufu, wasirudi na lawama tupu. Warudi na gharama iliyoandikwa, na harambee ianze hapo hapo, tofali kwa tofali, mfuko wa saruji kwa mfuko wa saruji. Na atakayejibu kwamba hajui, apewe tarehe ya kuleta jibu, tarehe hiyo isomwe kwenye matangazo ya ibada, na siku ikifika watu wale wale watatu wasimame tena mlangoni pake. Amina.